Kopo la Tatu

Kopo la tatu lilikaa tupu siku kumi na mbili. Kila jioni nililiinua, nikalitikisa, nikalirudisha juu ya jiwe, na sikuona ajabu yoyote. Mimi, mwalimu wa sayansi! Hadi leo nikikumbuka nacheka kwanza, kisha nakasirika, na ninayemkasirikia ni mimi mwenyewe.

Yalikuwa makopo matatu ya mafuta ya kupikia, yale ya msaada yaliyokuwa yakitoka kwenye makambi ya wakimbizi na kuishia katika kila nyumba ya Kasulu na Kibondo. Huyu alichotea maji, yule alipimia maharage sokoni. Sisi tuliyapanga juu ya jiwe bapa kando ya kijito, tukayatumia kuhesabia samaki.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa Muheza na subira sikujaliwa. Mama yangu alisema hata siku ya kuzaliwa nilitoka mkunga hajavua viatu. Serikali ilinipanga kufundisha Kagerankanda, mashambani huko wilaya ya Kasulu, miaka ya tisini ikiwa ndiyo kwanza inaanza. Mume wangu alikuwa anafundisha Kasulu mjini, chuo cha ualimu. Tulionana mwisho wa wiki barabara ikikubali, na wakati wa mvua barabara haikukubali.

Sasa jambo lenyewe. Kulikuwa na mpango wa kujenga banio kwenye kijito chetu, yaani ukuta wa kuzuia maji ili yaelekezwe kwenye mashamba ya bondeni. Mpango haukuwa mbaya, watu walihitaji kulima kiangazi. Lakini bwana samaki wa wilaya, mtu mwembamba aliyekuja kwetu kutoka Mwanza, alisimama kwenye mkutano wa kijiji akasema hapo mahali ndipo ningu wanapopitia. Ningu ndilo jina la kwao. Wenyeji walikuwa na majina yao, kila kijiji na lake, ila mimi lilinikaa hilo la bwana samaki. Ni samaki wa magamba ya kijivu, midomo minene inayotazama chini, anayekaa kwenye mto Malagarasi na mabwawa yake mwaka mzima, halafu mvua za kwanza zikimwagika anapanda vijito kwenda kutaga kwenye majani yaliyofurika.

"Mkiziba hapa," akasema bwana samaki, "mmeziba uzazi. Na wenyewe mnajua wamebaki wachache."

Hilo la uchache halikubishwa na mtu. Mzee aliyekuwa na uzio wa kuvulia hapo kijitoni, uzio wa fito na matete alioachiwa na baba yake, alisema utotoni mwake ningu walikuwa wakiusukuma uzio mpaka unalala. Siku hizi uzio ulisimama wima msimu mzima.

Mhandisi wa banio hakuwa mkorofi. Alijibu kwa neno moja: "Nionyeshe." Akafafanua kwamba kama majike wenye mayai wanapita pale, ataacha mlango kwenye ukuta, upana wa kupita samaki. Kama hawapiti, ukuta utanyooka kutoka ukingo hadi ukingo, kwa sababu mlango unapoteza maji na yeye hajengi mlango kwa ajili ya hadithi. Bwana samaki akaomba watu wa kujitolea, wakae kijitoni msimu mzima wa ningu kupanda, wahesabu. Mikono sita ikainuka. Baada ya wiki moja ya kulowana tukabaki watatu: mzee wa uzio, mimi, na Bibi.

Bibi hakuwa bibi yangu, ila sikumwita vingine. Alikuwa mama mtu mzima aliyevuka kutoka Burundi zamani, kwenye wimbi la kwanza, kabla ya makambi haya ya juzi, akaingilia Mabamba kule Kibondo na baadaye akahamia kwetu. Shamba lake la maharage liligusa maji. Baba yake alikuwa mvuvi wa ng'ambo ya pili ya Malagarasi, na samaki alimjua kwa vidole. Mzee alitoboa mlango katikati ya uzio, akaweka mgono, ule mtego wa kikapu wa kuvulia, ila huu ulikatwa mkia ili usiue. Samaki akiingia, Bibi analowesha mikono kwanza ili asimtoe ute mwilini, anambeba, anamkamua tumbo kidogo. Dume anatoa maji meupe kama maziwa. Jike mwenye mayai huhitaji hata kumkamua, tumbo linakuambia. Akishamtambua anamwachia upande wa juu, anatia harage moja kwenye kopo. Kopo la kwanza madume. La pili majike watupu, wachanga au waliokwisha taga. La tatu wenye mayai.

Kopo la tatu ndilo lililokuwa kesi yote. Nililieleza mara tatu, kwa Kiswahili changu cha Tanga na kwa mikono, na wote wawili wakaitikia, "Ego, Mwalimu." Ndiyo. Nami nikaridhika. Asubuhi nilifundisha, jioni nilishuka kijitoni, nikahamisha maharage kutoka makopo kwenda kwenye daftari.

Tulitaniana sana jioni zile. Bibi alinicheka ninavyoshika samaki, alisema nawashika kama mtu anayekamata mwizi. Siku moja nami nikamchokoza.

"Bibi, una watoto wangapi?"

"Wapo."

"Najua wapo. Wangapi?"

"Wapo, Mwalimu," akasema, akainama kwenye maji.

Nikadhani ni uzee, au ni ubishi. Nikamwambia kwa mzaha kwamba mwanafunzi wangu akijibu hivyo namsimamisha mlangoni. Mzee wa uzio akajikohoza. Nilikuwa kiziwi kweli mimi.

Siku ya kumi na mbili, Jumanne, bwana samaki akaja na pikipiki hadi shuleni. Hakutaka hata chai. Akafungua daftari langu juu ya meza ya walimu, akaweka kidole kwenye safu ya tatu, akakishusha taratibu mpaka chini. Sifuri, sifuri, sifuri. Mwandiko wangu mzuri.

"Mwalimu, hiki ni nini?"

"Ndicho kilichopatikana."

"Daftari hili linamsaidia mhandisi, halinisaidii mimi. Ameshaona nakala ya wiki ya kwanza. Unajua amesema nini? Amesema hawa ni waseja wanatembea, na waseja hawajengewi mlango." Akafunga daftari. "Kikao ni Jumatatu, Kasulu. Jumamosi asubuhi nakuja kulichukua, na likija hivi, basi tena. Saruji imeshafika mjini."

Nikamwuliza kama hawezi kuomba wasogeze kikao. Akaniambia kikao kimeshasogezwa mara mbili kwa ajili yake. Akaondoka, na mimi nikabaki nimesimama uwanjani na chaki mkononi, damu inachemka.

Maana akili yangu ilienda moja kwa moja mahali pabaya. Mayai ya samaki ni kitoweo, kila mtu anajua. Mzee aliruhusu dume mmoja mmoja apelekwe sufuriani, hilo nililijua, na jikoni kwa Bibi kulinuka samaki kila nikipita. Nikajiambia, kumbe! Wenye mayai wanaishia chunguni, sisi tunaandika sifuri. Usiku ule sikulala vizuri, na tumbo lilinisumbua, nikasingizia maharage.

Jumatano saa nne asubuhi nikamwomba mwalimu mkuu ruhusa, nikashuka kijitoni bila kutazamiwa. Nilivua viatu nisisikike. Nikamwona Bibi ndani ya maji yanayomfika magotini, ameinama juu ya mgono, akatoa ningu mnene, tumbo limejaa hasa, limetuna pande zote. Hakumkamua. Akamfunika kwa pindo la kanga, akampakata kifuani, akaanza kutembea naye pembeni, mbali na makopo.

"Mwizi!" nikapiga kelele. "Mwizi mkubwa wewe! Utu uzima wote huo unaiba mchana kweupe!"

Bibi akashtuka, akateleza, akapiga goti kwenye mawe. Lakini yule samaki hakumwangusha. Alimshikilia, akajikokota hatua mbili tatu mpaka palipokuwa na maji ya kina, juu ya uzio, akamfunua kanga na kumwachia polepole kwa mikono yote miwili. Samaki akakaa kidogo, akapiga mkia, akaenda zake. Ndipo Bibi akanigeukia. Goti lilikuwa linatoka damu.

"Nani mwizi, mwana wanje?" Mwanangu, aliniita hata hapo.

Lo, nilitamani ardhi ipasuke. Ila nilikuwa nimeshaanza, na mimi nikishaanza huwa sijui kusimama. Nikamwonyesha makopo. "Huyo mbona hukumtilia harage?"

"Huyo ana mimba."

"Ndiyo! Ndilo kopo la tatu hilo! Hao ndio tunaowatafuta!"

Akanitazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyesikia mwalimu akisema mbili na mbili ni saba. "Mwalimu," akasema, "nani anahesabu mimba?"

Mzee wa uzio alikuwa ametokeza na fito begani, amesikia yote. Nikamgeukia anisaidie. Akashusha fito zake, akasema hata yeye zamu yake ikifika hawahesabu. Walipita, ndiyo, walipita wengi, karibu kila siku. Waliwapitisha kwa heshima, wakawafunika jua lisiwapige, wasikwaruze matumbo mgononi. Lakini kumtilia mwenye mimba harage kwenye kopo, kumtaja kwa idadi kabla hajajifungua, hilo ni kumwitia balaa. Ng'ombe mwenye mimba haingizwi kwenye hesabu ya zizi. Mke mwenye mimba hasemi mtoto wa ngapi.

"Sasa mbona hamkuniambia?"

"Tulijua unajua," akasema mzee. "Tulidhani kopo la tatu umeliweka liwe tupu. Kwa adabu."

Nikakaa juu ya jiwe. Siku kumi na mbili. Wamepita mbele ya macho yetu, na hakuna namna ya kuwarudisha wapite tena. Nikamwomba Bibi msamaha huku nalia, nikamfunga goti kwa leso yangu, na yeye akanipigapiga begani akisema, "Yoo, yoo," kama ananibembeleza mimi niliyemtukana.

Mzee akasema basi liwe jambo jepesi, tutie maharage koponi kwa kukisia, nani atajua. Nakiri niliunyoosha mkono. Niliingiza vidole kwenye mfuko wa maharage, nikashika konzi nzima, nikakaa nayo. Kisha nikamwona mhandisi akiniuliza, huyu wa tarehe fulani alipita saa ngapi, mbele ya bwana samaki aliyetuamini. Na niliwahi kumchapa mtoto darasani kwa kutunga majibu ya jaribio la mbegu. Nikayarudisha mfukoni.

Zilibaki siku tatu, na kundi lilikuwa linaelekea kwisha. Nikamwambia Bibi wazi kwamba bila wenye mayai kuhesabiwa kuanzia sasa, ukuta unazibwa, na hao hao anaowafunika jua mwakani watagonga vichwa kwenye saruji. Bibi akatazama maji. Halafu akavuta ukamba wa mgomba uliokuwa umefungia matete, akaupima kwa mikono.

"Nitafunga fundo," akasema. "Akipita mmoja, fundo moja. Fundo si hesabu. Mimi sitataja. Lakini siku ya mwisho lazima mtu ataje, siyo?"

"Lazima. Mhandisi anataka namba, hataki kamba."

"Anayetaja ndiye anayebeba."

"Nitataja mimi," nikasema harakaharaka, mtu wa Muheza. "Nitabeba mimi. Mimi siamini mambo hayo."

Alinitazama tu, kuanzia usoni kushuka chini, akaanza kufunga.

Jioni ile nikiwa peke yangu nyumbani ndipo nilipojua nimejiingiza wapi. Nilikuwa na mimba ya miezi mitatu. Hakuna aliyejua, hata mume wangu. Mimba mbili za mwanzo ziliharibika, ya kwanza Muheza, ya pili huku huku Kasulu, na ile ya pili nilikuwa nimeshamtangazia kila mtu, nimeshafuma soksi. Kuwaeleza watu mmoja mmoja kwamba hakuna tena mtoto kuliniuma karibu sawa na kumpoteza. Kwa hiyo ya tatu niliifunga mdomo. Sikuiandika popote, sikuhesabu hata miezi kwa sauti. Nilikuwa nafanya kile kile nilichomkaripia Bibi kwacho, nikakiita busara. Nikajiambia, wewe mwanamke umesoma, una cheti, mafundo ya ukamba yatakufanya nini? Na bado sikuthubutu kutazama kalenda, wallahi.

Alhamisi wakapita wachache. Ijumaa mvua ikashuka tangu alfajiri, mvua ile ya kutoka Burundi inayokuja na matope, na kijito kikabadilika rangi. Nilipofika saa tatu maji yalikuwa yanamfika Bibi kiunoni na ukamba ameuvaa shingoni. Ningu walikuwa wamekuja. Sijawahi kuona tena. Walikuwa wanajipiga kwenye uzio mpaka fito zinalia, majike watupu ni wachache, wengi wao matumbo yamejaa. Bibi alimpitisha mmoja, akafunga fundo kwa meno na mkono mmoja, akashika mwingine.

"Naufungua uzio!" mzee akapiga kelele kutoka ng'ambo. Maji yalikuwa yanaukunja. "Usipofunguliwa utavunjika!"

"Ukiufungua wanapita bila kuhesabiwa!"

"Mwalimu, ni uzio wa baba yangu!"

Nilijua anachoomba. Uzio ule ulikuwa wa kuvulia yeye na ndugu zake, na fito za kuujenga upya hazikuwepo. Nikamwambia, "Baba, nakuomba mpaka saa sita." Akanitukana kwa Kiha, nikaelewa nusu, nusu ilinitosha. Lakini hakuufungua. Alijiegemeza kwenye nguzo ya katikati kwa mgongo wake, akaushikilia, maji yanamrukia usoni.

Mimi nikakunja kanga niingie nimsaidie Bibi. Akageuka kwa ukali ambao sikuwahi kuuona kwake.

"Oya, hapana! Wewe kaa juu!"

"Bibi, utasombwa!"

"Kaa juu nimesema!"

Nikalala kwa ubavu ukingoni, kwenye tope, nikaishika kanga yake kwa nyuma, nikaizungusha mara mbili kwenye kiganja. Ndivyo tulivyokaa. Yeye ananyanyua, anapitisha, anafunga. Mimi nimemshika. Mara mbili miguu ilimponyoka nikahisi uzito wake wote mkononi, na mara zote mbili kwanza alimwachia samaki ndipo akajishika. Nilikuwa naogopa, sifichi. Niliogopa afe nikiwa nimemwita mwizi juzi tu.

Saa sita haikufika. Nguzo ya katikati ilikatika kwa mlio mmoja, mzee akarukia pembeni, na uzio mzima ukalala, ukaenda. Tulimvuta Bibi tukamtoa. Mgono ulikwenda, makopo mawili yalikwenda na mimi sikuyawahi. Mzee alikaa ukingoni akitazama mahali uzio wa baba yake ulipokuwa. Ukamba ulikuwa bado shingoni kwa Bibi, umelowa, umejaa mafundo kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Jumamosi asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Bwana samaki alisimamisha pikipiki barabarani, akasema nifanye haraka, mawingu yanarudi, na akikwama njiani daftari halifiki. Nilimkuta Bibi amekaa nje kwake kwenye mkeka, ukamba uko mapajani. Mzee wa uzio alikuwepo pia, amesimama na kofia mkononi. Nikaketi, nikafungua daftari kwenye safu ya tatu, nikauchukua ukamba.

Nikashika fundo la kwanza. "Moja," nikasema.

Nikashika la pili, na sauti haikutoka. Nikajaribu tena, nikalitazama fundo, nikajua linalofuata ni mbili, mtoto wa chekechea anajua, na sikuweza. Niliwaza zile soksi. Bwana samaki akapiga honi barabarani. Nikasema, "Subirini, subirini kidogo," na machozi yakaanza kunitoka kama mjinga.

Bibi akaunyoosha mkono, akauchukua ukamba kwenye vidole vyangu, taratibu.

"Mwalimu," akasema, "wewe ni wa kopo la tatu."

Alikuwa amejua tangu lini sijui. Pengine tangu nilipokimbilia vichakani kutapika nikasingizia harufu ya samaki, pengine kabla.

"Lile moja ulilotaja nimelifuta," akasema. "Naanza mimi."

"Bibi, usitaje," nikasema. Ndiyo, mimi nilisema hivyo. "Wewe unaamini. Utabeba."

Akafunga macho kidogo. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayenieleza njia ya kwenda sokoni, "Wangu walishahesabiwa. Tulipovuka Mabamba palikuwa na karani mwenye meza. Akasema, mama, watoto wangapi? Nikamtajia wote, mmoja mmoja kwa kidole, na mmoja nilikuwa nimembeba tumboni. Akaniambia huyo pia tumwandike. Akaandika. Nilitaka posho yao, nikamwacha aandike." Akaushika ukamba vizuri. "Mvua zilipokwisha, karani alirudi kuhakiki walio hai. Mstari wangu wote aliupitishia wino."

Mzee wa uzio alikuwa ametazama chini. Nikaelewa kile kikohozi chake cha siku ile.

"Kwa hiyo mimi sina cha kupoteza hapo," akasema Bibi. "Andika."

Akaanza. Alihesabu kwa Kirundi, kwa sauti ya juu, fundo baada ya fundo, rimwe, kabiri, gatatu, kane, gatanu, na kila fundo alilibana kwa kidole gumba kabla ya kulipitisha. Hakuruka hata moja. Mimi niliandika. Alipofika mwisho akanitajia jumla kwa Kiswahili, nisije nikakosea, akarudia mara mbili. Kwenye nafasi ya aliyehesabu niliandika jina lake. Akaniambia nimsomee, nikamsomea, akatikisa kichwa kukubali.

Nilikimbia na daftari hadi barabarani. Bwana samaki akaitazama safu ya tatu, akafungua mdomo aulize jambo, akaniona uso, akaufunga. Aliliweka kifuani ndani ya koti la mvua, akaondoka. Jumatano akatuma ujumbe kupitia dereva wa lori la saruji. Mlango umekubaliwa. Umo kwenye ule ukuta upande wa kulia, upana wa mikono miwili ikinyooshwa, na msimu uliofuata tulisimama juu yake tukawaona wanapanda. Kijiji kilimjengea mzee uzio mpya upande wa juu wa banio, ingawa yeye kila mwaka alisema fito zake si kama zile.

Mimi nilijifungua salama mwezi wa sita, Kasulu. Siku arobaini zilipotimia nilipanda gari kwenda Kagerankanda na mtoto mgongoni, nikashuka moja kwa moja hadi shambani kwa Bibi. Alikuwa anapalilia maharage. Akaacha jembe, akaenda kijitoni, akalowesha mikono, akaifuta kwenye kanga. Akampokea mwanangu kwa mikono yote miwili, akamfunika jua kwa pindo, akamtazama usoni muda mrefu, kisha akanirudishia. Hakuuliza ni wa ngapi, na mimi sikumwambia.